Kiwiko cha Wifi

Shangazi yangu anachapa mifupa. Nikisema hivyo watu hunitazama kana kwamba nimesema anafuga majini, kwa hiyo afadhali nieleze. Hospitali kubwa ya mji wetu ina chumba kidogo kilichokuwa stoo ya magongo, na ndani yake kuna printa. Si ile ya karatasi. Hii inakula uzi mweupe wa plastiki uliozungushwa kwenye gurudumu, inauyeyusha, kisha inaupanga mstari juu ya mstari, taratibu kama mtu anayepamba keki, mpaka pale kati kinabaki kitu cha kushika. Kitu chenyewe ni mfupa: goti la fulani, bega la fulani, nyonga ya bibi aliyeteleza bafuni. Daktari anaushika, anaugeuza huku na huku, na anajua atapitia wapi kabla hajamgusa mgonjwa kwa kisu. Anayeiendesha printa hiyo ni Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, mwanamke mnene mwenye miwani inayoning'inia kwenye kamba na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Kabla ya hapo alikuwa fundi wa plasta. Nusu ya mji huu imepita mikononi mwake ikiwa imevunjika mahali, na jina lake halisi limeshasahaulika; watu humwita Bi Plasta. Akikutana na mtu dukani, jina halikumbuki, sura haikumbuki, lakini atamwambia kwa furaha kabisa, "Ee, wewe si kifundo cha mguu wa kushoto? Unatembea vizuri sasa?" Printa ilipoletwa alifundishwa pamoja na vijana wawili wa kompyuta. Vijana wakapata kazi zenye kiyoyozi wakaondoka, yeye akabaki na mashine. Mfupa wa kwanza aliojaribu kuuchapa ulitoka kama tambi zilizomwagika. Aliuweka dirishani, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba ule ni ubavu wa shetani.

Mimi nampenda sana Shangazi. Lazima niliseme hilo mapema, kwa sababu mama yangu alikuwa hampendi hata kidogo, na mimi nimekulia katikati yao kama mtu aliyekalia viti viwili.

Mama ni msusi. Ana saluni yenye viti vitatu, kioo kirefu na draya moja inayonguruma kuliko inavyokausha, na mimi ndiye ninayeosha nywele na kushika foleni isigombane. Kwa mikono yake mtu anaingia amekunja uso, anatoka amenyanyua shingo. Ni mwembamba, ana maneno machache, anavaa mikono mirefu hata jua likichoma. Na ana tabia moja ambayo Shangazi hakuwahi kumsamehe: akisalimiana na mtu anatoa mkono wa kulia, na wa kushoto anaushika kiunoni.

"Mke wa kaka yangu ananisalimia kashika kiuno," Shangazi alikuwa akimwambia kila mwenye masikio. "Kama mimi ni mdai wake! Tangu siku alipoolewa! Mtu gani anasalimia ukweni kashika kiuno?"

Mama naye alikuwa na lake. "Wifi yangu haniangalii, ananikagua," alisema. "Ananipitishia macho kama kikombe anachotafuta kilipopasuka."

Baba, ambaye ni mtu wa amani kwa sababu ya uvivu, aliwasikia wote wawili na akawa anakubaliana na yule aliyekuwa karibu.

Basi taa ya saluni iliungua. Baba aliahidi kuibadilisha, na ahadi za Baba mnazijua. Kama hamzijui, zinafanana na za baba zenu. Mama akachoka kusuka gizani, akapanda juu ya stuli, stuli ikakanyaga maji niliyokuwa sijayafuta vizuri, na mama yangu akaangukia kiwiko cha mkono wa kulia. Nilisikia mlio. Sitaki kuuelezea.

Pale hospitali, daktari wa mifupa alitutundikia picha. Ni kijana mrefu anayeimba kwa pua bila kujijua akiwa anafikiri, na siku ile aliimba muda mrefu. Mfupa wa mkono wa juu, pale chini unapokutana na kiwiko, ulikuwa umevunjika vipande vipande, tena vipande vidogo. Alisema kiwiko ni kiungo chenye wivu. Ukikirudisha kikiwa kimepishana hata kidogo, kinagoma kukunjika.

"Kikigoma, mkono wangu utafika wapi?" Mama akauliza.

Daktari akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, akaukunja kidogo tu, kiganja kikasimama mbele ya tumbo.

Mama akakitazama kile kiganja. Mimi ndiye niliyeelewa, na machozi yakanitoka palepale. Msusi hufanya kazi juu ya vichwa vya watu. Anayefika tumboni tu, kazi yake imekwisha.

"Ndiyo maana tutamwomba Bi Plasta atuchapie," Daktari akasema. "Tunapiga picha za CT mikono yote miwili. Ule mzima wa kushoto tunaugeuza kwenye kompyuta, kama unavyojiona kwenye kioo, unakuwa wa kulia. Tunauchapa. Halafu mabamba ya chuma nayakunja juu ya huo mfupa wa plastiki kabla ya siku ya upasuaji, yakae sawasawa. Nikiingia ndani sianzi kukisia."

Shangazi alikuwa ameshafika na kusimama mlangoni, miwani puani. Alimtazama Mama kitandani, na mimi nikasubiri aseme neno la kuudhi. Hakusema. Alisema, "Pole wifi," na Mama akajibu, "Nimeshapoa," kwa sauti ya mtu ambaye hajapoa hata kidogo.

Daktari akachukua kalamu. "Mama, huu mkono wa kushoto uliwahi kuumia? Kuvunjika, kuteguka, hata utotoni?"

Mama akatupa jicho mlangoni. "Kamwe," akasema.

Nasema hivi hata leo, na Daktari mwenyewe ameshakubali: kosa lilikuwa kumuuliza mbele ya wifi yake. Vitabu vya udaktari vimeandika mengi, lakini hilo havikuliandika.

Picha zikapigwa. Shangazi akaingia kwenye kile chumba chake na mimi nikamfuata, kwa sababu kukaa wodini na kumtazama Baba akijilaumu kulikuwa kunanichosha. Kwenye kompyuta alichukua mkono wa kushoto, akaugeuza, akauchapa. Kisha akachapa vile vipande vilivyovunjika, kimoja kimoja. Kulikuwa na joto mle ndani na harufu ya plastiki kama ya ndoo mpya. Kila kitu kilipopoa, alikaa chini na kuanza kupachika vipande juu ya ule mfupa mzima, jinsi mtu anavyolinganisha vigae vya chungu.

Havikukaa.

Akajaribu tena. Kipande cha ndani kikikaa, cha nje kinabenuka. Akikikandamiza cha nje, cha kati kinaachia mwanya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alimlaumu aliyepiga picha, akailaumu printa, akaipiga kofi ubavuni kama mbuzi mbishi, akachapa upya. Vile vile.

"Mwanangu," akaniambia, na hapo sauti yake ilikuwa imeshuka, "hii mikono miwili si ya mtu mmoja."

Alimwita Daktari. Daktari akaimba kwa pua, akavipima vile vipande, akaupima ule mzima, akarudia picha za kushoto moja moja. Mwishowe akasema, "Huu wa kushoto umepinda. Kidogo, lakini umepinda. Ama mama amezaliwa nao hivyo, ama uliwahi kuvunjika ukaunga vibaya. Ningekunja vyuma kwa kipimo hiki, ningemharibia na wa kulia."

Shangazi akavisukuma vile vipande pembeni. 

"Nenda kamuulize mama yako," akaniambia. "Mimi nisionekane."

Nilimkuta Mama amelalia mto, mkono wa kulia umefungwa, wa kushoto umejificha chini ya shuka. Nikamwambia yote bila kuzunguka, na nikamwambia kwamba mifupa haisubiri. Ikianza kushikana ovyo, kazi itakuwa ngumu zaidi. Aligeukia ukutani.

"Sijawahi kuvunjika," akasema.

"Mama!"

"Nimesema sijawahi."

Basi hasira zikanipanda, na mimi nikipandwa na hasira huwa sichagui maneno. Nikamwambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba yeye atakuwa wa kwanza kuumbuliwa na kiwiko. Nikamuuliza kama anataka kuketi kwenye kiti cha saluni akinielekeza mimi nisuke, mimi ambaye mistari yangu inakwenda upande kama kaa. Hapo ndipo alipogeuka. Nadhani ni ile mistari iliyomtisha.

Alianguka kutoka juu ya ukuta alipokuwa msichana mdogo, akichungulia harusi isiyomhusu. Mkono ulifungwa kwa vijiti, ukapona, lakini ukapona kwa kupinda. Akiuachia uning'inie, unakwenda nje kama kishikio cha kikombe. Siku alipopelekwa ukweni mara ya kwanza, mawifi walimzunguka wamtazame. Shangazi, akiwa binti mwenye mdomo mkubwa tangu wakati huo, alimshika mabega, akamgeuza mbele na nyuma, akatangaza mbele ya watu wote, "Kaka amechagua. Huyu hana kasoro hata moja!"

"Watu wakapiga vigelegele," Mama akasema. "Ningesema nini mimi? Ngoja kwanza, ipo moja? Nikashika kiuno. Ukishika kiuno haionekani."

"Na ukaendelea kushika miaka yote hii?"

"Ningeuachia lini?"

Nilicheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka muuguzi akachungulia. Mama naye akaanza kutabasamu bila kutaka, kisha akanikamata kwa ule mkono uliopinda na kuniapisha nisimwambie Shangazi. Nikaapa. Kisha nikashuka ngazi nikamwambia Shangazi, maana kuna viapo vya kuvunja ili mifupa iungwe.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Akakaa juu ya boksi la magurudumu ya uzi wa plastiki, akajifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na kisha alikuwa analia kweli, na sijui kimoja kiliishia wapi na kingine kikaanza.

"Kumbe kiuno!" akasema. "Kumbe kiuno, jamani! Na ni mimi niliyemweka hapo!"

Akajifuta kwa pindo la koti lake jeupe, akasimama, akawa fundi tena. Mkono wa kushoto haukufaa kuwa mfano, basi atafutwe mtu mwingine ambaye kiwiko chake kinalingana na vile vipande. Kwenye kompyuta alikuwa na picha za viwiko vya watu waliopita pale wakashukiwa kuvunjika na kukutwa wazima. Akaanza kulinganisha, yeye na Daktari, kimoja baada ya kingine: hiki kipana, hiki chembamba, hiki ni cha mwanamume wa kubeba mizigo. Mimi nikachemsha chai. Niliporudi na vikombe, walikuwa wote wawili wameinamia kioo cha kompyuta.

Kilichofaa kilikuwa cha Shangazi mwenyewe. Aliwahi kuteleza chumba cha plasta, akapigwa picha, akakutwa hana jeraha ila aibu. Unene wake wote ule uko nje. Mifupa yake ni myembamba kama ya mama yangu. Waliuchapa. Shangazi akapachika vipande vya Mama juu yake, cha ndani, cha kati, cha nje, na kila kimoja kikakaa mahali pake bila kulazimishwa. Daktari akapitisha ukucha kwenye maungio, ukucha haukukwama.

"Usimwambie," Shangazi akamwambia. "Mwambie umekipata kwenye kompyuta. Akijua ni changu atakataa hata nusukaputi."

"Mgonjwa ana haki ya kujua, Bi Plasta," Daktari akasema. Ni kijana mwema, lakini haki za wagonjwa anazijua kuliko mawifi.

Na kweli alikwenda akamwambia. Alimwambia yote, asubuhi, mbele ya Baba na mimi, huku ameshika ule mfupa mweupe wa plastiki. Mama alimsikiliza. Akautazama mfupa. Kisha akasema kwa upole sana, "Niitie wifi yangu."

Baba akatafuta sababu ya kutoka nje. Hakuipata.

Shangazi aliingia akiwa ameshika miwani mkononi, mnyenyekevu jinsi ambavyo sijawahi kumwona kabla wala baada.

"Nasikia nitatiwa kiwiko chako," Mama akasema.

"Si kutiwa, wifi. Ni mfano tu. Vyuma vinakunjwa juu yake, lakini mfupa utabaki wako."

"Na kama kina mdomo?"

"Mdomo wangu uko mdomoni. Haujawahi kushuka mpaka huko."

Mama akakaribia kucheka akajizuia. Kisha akafanya kitu ambacho mimi, mwanawe wa kumzaa, sikuwahi kumwona akikifanya. Akautoa mkono wa kushoto chini ya shuka, akamwambia Baba amkunjie nguo mpaka begani, akaunyoosha mbele ya Shangazi. Ulikuwa umepinda kweli. Baba, ambaye ameishi nao maisha yake yote ya ndoa, akasema, "Mimi nilidhani dada naye anajua."

Shangazi aliupokea kwa mikono miwili jinsi anavyopokea mikono ya watu wote, akaupapasa taratibu kutoka begani mpaka kwenye kifundo, akasimama pale palipopinda.

"Nisamehe, wifi," akasema. "Nilidhani ni dharau."

"Nawe nisamehe. Nilidhani unaitafuta kasoro hii."

"Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa naona ulivyo mzuri, najiuliza kaka yangu alikupataje."

"Jamani, mimi nipo hapa," Baba akasema.

Upasuaji ulifanyika kesho yake. Vyuma vilikuwa vimeshakunjwa na kuchemshwa, na mfupa wa plastiki uliingia nao mle ndani kwenye mfuko uliosafishwa ili Daktari autazame akiwa kazini. Sisi tulikaa kwenye benchi la nje. Shangazi, ambaye alikuwa na kazi nyingine za kuchapa, alipita mbele yetu na kurudi, akidai kila mara kwamba anatafuta mkasi. Daktari alitoka mapema kuliko alivyotuambia. Alikuwa anaimba kwa pua, lakini safari hii wimbo wa haraka haraka, nikajua kabla hajafungua kinywa. Vyuma vilikaa. Hakuvigusa tena kwa koleo hata mara moja.

Yaliyofuata hayakuwa mteremko. Kiwiko kilichofungwa vyuma kinafundishwa kukunjika kama mtoto anavyofundishwa kula, kwa kubembelezwa na kwa kelele. Mtaalamu wa mazoezi alimkunja, Mama akamwita majina ambayo sikujua kama anayajua. Mkono ukafika tumboni ukagoma. Tukaogopa. Ukafika kifuani. Siku ulipofika mdomoni alikula wali kwa mkono wake mwenyewe, akamwaga nusu kifuani na kututazama sote kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Shangazi alikuwa akija kila akitoka kazini, wanakunja pamoja, mmoja analia na mwingine anahesabu kwa sauti, kisha wanakunywa chai na kumsengenya Baba. Nilikuwa nimeishi maisha yangu yote nikitamani wapatane. Walipopatana nikagundua kwamba sasa wana muda wa kunikosoa mimi.

Kisha asubuhi moja, saluni ikiwa haina mtu, Mama alisimama mbele ya kioo. Akapeleka mkono wa kulia juu, polepole, akiwa amekunja uso, ukapita sikio, ukafika kisogoni. Akajigusa nywele zake mwenyewe. Aliubakisha hapo. Niliacha taulo nilizokuwa nafua, nikamkumbatia kwa nyuma na mikono yangu yenye povu, naye hakulalamika kwamba namlowesha.

Siku hiyohiyo Shangazi akaja kukagua. Mama hakumpa nafasi ya kukagua.

"Kaa hapo, wifi," akamwambia, akimwonyesha kiti cha kati.

Sijawahi kumwona Shangazi kwenye kiti kile. Alikaa kama mgonjwa, magoti pamoja, mkoba mapajani. Mama akamfungua kitambaa, akachambua nywele, akapasua mstari wa kwanza kwa mkia wa chanuo, umenyooka kama ulivyokuwa ukinyooka zamani. Mkono wa kushoto, ukiwa wazi kwenye nguo ya mikono mifupi, ulishika nywele. Wa kulia ulisuka. Aliivuta nywele ya kwanza ikabana, ya pili akaibana zaidi.

"Wifi! Taratibu, unaniumiza!" Shangazi akapiga ukelele uliosikika ng'ambo ya barabara.

"Usinilaumu mimi," Mama akasema, akavuta ya tatu. "Kiwiko ni chako."